Kitunga, mpira wa majani na karatasi zinazoshikana

Ndugu msomaji, makala hii nusura isiandikwe. Siku tulipokutana kugawana vichwa vya kijitabu hiki, mmoja alitwaa mambo ya mahari, mwingine kasiksi na ginsi inavyotengenezwa, mwingine majina ya watoto. Sisi wawili, walimu wa hesabu, tukasema tutaandika juu ya kukunja karatasi na kuzishikanisha mpaka zizae maumbo. Wazee wakacheka. "Hiyo ni mambo ya Bajaponi," mmoja wao akasema, "tena ni michezo ya batoto. Desturi yetu iko fasi gani mule?" Swali lilikuwa la haki. Siku ile hatukuwa na jibu, tuliomba tu tupewe muda.

Jibu lilitoka kwa mtoto. Jumamosi moja, mvua ikinyesha sawa vile inavyonyesha Bukavu kuanzia mwezi wa tisa, tulikusanya wanafunzi wa sekondari na rundo la karatasi za fotokopi zilizokwisha kutumika upande mmoja. Kila mmoja alikunja vipande viwili. Kisha tukavishikanisha vyote, kipande ndani ya kipande, na baada ya saa nzima na kelele nyingi tukapata mpira wenye ncha ishirini, mkubwa kama chungwa kubwa. Ukapitishwa mikononi. Kijana mmoja akauliza: "Bwana mwalimu, kole iko wapi?" Tukamwambia hakuna kole, wala uzi, wala pini. Akaukamua kidogo, akaona haufunguki. Ndipo msichana aliyekaa nyuma akasema maneno ambayo tumeyabeba mpaka leo: "Kumbe ni sawa kitunga. Inajishika yenyewe."

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana kuna wasomaji ambao hawajaiona. Unatwaa karatasi ya mraba. Unaikunja kati na kuifungua, halafu kingo mbili unazileta mpaka kwenye mstari wa kati. Pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari unazikunja, unazipitisha chini ya ukingo wa ng'ambo, na mwisho unabaki na msambamba, yaani umbo la pembe nne lililolala upande. Umbo hilo lina mifuko miwili na ndimi mbili. Siri yote iko hapo: ulimi wa kipande kimoja unaingia mfukoni mwa jirani yake. Vipande vitatu vikiingiliana hivyo, vinasimama kama paa dogo lenye ncha. Vipande sita vinatoa sanduku la mraba. Vipande kumi na viwili vinatoa nyota ya ncha nane. Vipande thelathini vinatoa ule mpira wa ncha ishirini.

Kwa nini thelathini? Tuliwauliza wanafunzi, wengi wakajibu sitini, kwa sababu ncha ni ishirini na kila ncha inahitaji vipande vitatu. Hesabu yao ilikuwa nzuri lakini walisahau ujirani. Kila kipande kimekaa katika ncha mbili kwa mara moja, sawa vile ua kati ya mashamba mawili ulivyo wa huyu na wa yule. Ukihesabu ua za kila shamba peke yake, utakuwa umehesabu kila ua mara mbili. Kwa hiyo sitini igawanywe kwa mbili. Tukawaonyesha tena kwamba chini ya ncha zile kumejificha umbo lenye nyuso 20, kingo 30 na pembe 12. Ukitwaa pembe, ukatoa kingo, ukaongeza nyuso, unapata 2. Fanya hivyo kwa lile umbo lililo chini ya nyota: 6 kutoa 12 kuongeza 8, unapata 2 tena. Kanuni hiyo ni ya Leonhard Euler, mtaalamu wa Uswisi wa karne ya 18, na iko katika vitabu. Tofauti ni kwamba hawa waliihesabu kwa vidole vyao juu ya kitu walichokitengeneza wenyewe.

Sasa historia. Ni kweli kwamba Wajaponi walitangulia kuacha picha. Kitabu chao cha mwaka wa 1734, Ranma Zushiki, kinaonyesha sanduku lililokunjwa kwa vipande sita vinavyoshikana. Kipande tulichokieleza hapo juu kinaitwa kwa jina la Mitsunobu Sonobe, Mjaponi aliyekitambulisha karibu na mwaka wa 1970. Lakini safari ya karatasi haikuwa ya njia moja. Mwaka wa 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, Friedrich Fröbel alianzisha shule ya watoto wadogo, na kati ya kazi alizowapa kulikuwa kukunja karatasi na kusuka vipande vya karatasi. Mafundisho yake yalifika Tokyo mwaka wa 1876. Yalienea pia Ubeleji, hata Waflamani wakaizoea shule ya watoto wadogo kwa jina la Fröbel. Kwa hiyo mchezo unaoitwa wa Kijaponi umechanganyika damu na wa Kizungu tangu zamani.

Na Ubeleji, kama tunavyojua, ilituletea shule zake. Wale kati yetu waliopitia kwa masista wakiwa wadogo wanakumbuka kazi ya mikono: mashua, ndege, na hasa ule mkeka wa karatasi za rangi mbili, ukanda mmoja ukipita juu, mwingine ukipita chini. Mtoto akifanya vizuri, mkeka wake ulibandikwa ukutani. Tunacheka tukikumbuka. Nyumbani mama yake alikuwa amekalia mkeka wa kweli, wa mafunjo yaliyokatwa kinamasini, aliousuka bila lata wala penseli, na hakuna aliyekuja kuubandika ukutani. Shule ilimfundisha mtoto wa mshonaji kushona, ikampa cheti, lakini mshonaji mwenyewe ikamwita mjinga. Hatusemi masista walikuwa na nia mbaya. Wao wenyewe walifundishwa hivyo. Tunasema tu kwamba watu walikaa nyumba mbili jirani na hawakutazamana.

Turudi basi kwa mama huyo. Kitunga chochote cha kwetu, ukikipindua na kutazama kitako chake, utaona mwanzo wake: vijiti vichache vimepishana katikati, vingine vimelala hivi, vingine vimelala vile, na ukindu wa kwanza unavizunguka na kuvifungia mahali. Hakuna msumari. Kila kijiti kinakazwa na wenzake. Toa kimoja pale katikati, kitunga chote kinalegea. Lungo ya kupepetea inafwata njia hiyo hiyo, ijapokuwa imetandazwa. Na nyumba ya zamani ya Bashi, ile ya mviringo, ilikuwa nini kama si kitunga kikubwa kilichopinduliwa? Miti myembamba na matete yaliinamishwa mpaka yakakutana juu, yakafungwa kwa pete za fito, pete baada ya pete, halafu majani yakawekwa. Uzito wa juu ulikuwa unazikaza zile pete badala ya kuziachia. Vijana wanaosoma ujenzi wanakuta maneno ya Kifaransa juu ya mambo hayo wakiwa mwaka wa pili wa chuo, na wanadhani ni mapya.

Halafu mpira. Nani kati yetu hakucheza mpira wa majani ya mgomba? Ndani ni majani makavu, siku hizi ni saashe za plastiki, na juu ni kamba ya mgomba inayozunguka. Mtoto asiyejua anafunga kamba ovyo, na mpira unachanuka ukipigwa mara tatu. Mtoto anayejua anaipitisha kamba juu ya ile ya kwanza, kisha chini ya ya pili, anageuza mpira kidogo, anarudia, mpaka inakuwa wavu. Ukitazama matundu ya wavu huo, mengine yana pembe nne, mengine tano, mengine sita. Hapo ndipo jambo linapokuwa tamu kwetu sisi wa hesabu. Maumbo ya pembe sita yote yakikaa pamoja yanatandaza tu, kama sega la nyuki ao sakafu, hayapindi. Ili wavu upinde uwe mpira, inafaa ziingie pembe tano. Na ukitumia pembe tano na pembe sita tu, na katika kila kona mistari mitatu ikakutana, pembe tano zitakuwa 12, si 11 wala si 13, hata mpira uwe mkubwa namna gani. Mpira wa ngozi tuliozoea, wa vipande vyeusi na vyeupe, ule uliochezewa Kombe la Dunia la Meksiko mwaka wa 1970, una vyeusi 12 vya pembe tano na vyeupe 20 vya pembe sita. Mwaka wa 1985 wataalamu wa kemia walikuta kaboni nayo inajenga umbo hilo hilo kwa atomu 60, na watatu kati yao, Kroto, Curl na Smalley, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1996. Kwa karatasi, Mmarekani Thomas Hull alibuni mwaka wa 1993 kipande kinachojenga umbo hilo, vinahitajika 90. Sisi tulijaribu. Tulifika 70 na kitu, mvua ikaingia kwa dirisha lisilo na kioo, karatasi zikalegea, na mpira ukatufia mikononi. Tulipojaribu mara ya pili tulitumia kurasa za kalenda ya zamani, ngumu kidogo. Karatasi ya kaye haifai katika majira ya mvua.

Mtu aliyetufungua macho zaidi katika mambo haya hakuwa wa Kongo. Paulus Gerdes alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1952, akawa Mmsumbiji, akaongoza kule chuo kikuu cha ualimu, akafariki mwaka wa 2014. Alikaa na wasukaji. Kaskazini mwa Msumbiji alikuta mtego wa samaki unaoitwa lema, uliosukwa kwa matundu ya pembe sita, akauliza: kwa nini pembe sita? Akajaribu kusuka mwenyewe, akaona kwamba nyuzi zikipita katika pande tatu na kukazwa, pembe sita inajitokeza. Si mapambo, ni ulazima wa kazi. Kwa kifungo kidogo cha mraba cha kufungia mfuniko wa kikapu, alionyesha wanafunzi njia ya kufikia kanuni ya Pythagoras. Alikuwa akisema kwamba fundi anayeiga tu huenda hafanyi hesabu, lakini yule wa kwanza aliyegundua njia ile alifikiri kihesabu, na fikra yake imeganda ndani ya kikapu ikingoja mtu aiyeyushe. Tunakubaliana naye, ila tungeongeza kitu kimoja. Fundi anayeiga naye siku moja anakosa ukindu wa urefu uliozoeleka, ao mteja anataka kitunga kipana zaidi, na hapo hawezi kuiga tena. Inabidi afikiri. Kwa hiyo ile barafu inayeyuka mara nyingi kuliko alivyosema.

Hapa Kongo kwenyewe, mfano mkubwa uko mbali kidogo na sisi, kwa Wakuba wa Kasai. Wanaume wao wanafuma nguo ya rafia, wanawake wanaipamba kwa sindano, na mapambo yao yapendwayo ni mikanda inayopishana juu na chini bila mwisho, nakshi wanayoiita imbolo. Mwaka wa 1971 Donald Crowe, mtaalamu wa jiometri wa Marekani, alihesabu. Kuna njia 7 tu za kurudia nakshi katika ukanda. Wakuba walizitumia zote 7. Kuna njia 17 za kuirudia katika uso mzima. Kwao alikuta 12. Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, Mhungaria aliyekusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la London, aliwakuta watoto wao wakichora mchangani wavu wa mistari bila kuinua kidole na bila kurudia mstari. Wakampa naye ajaribu, akashindwa. Euler huyo huyo tuliyemtaja aliandika mwaka wa 1736 ni michoro gani inawezekana: zihesabu fundo ambapo mistari isiyo shufwa inakutana, zikiwa hakuna ao zikiwa mbili, unaweza, zikizidi, usijisumbue. Watoto wa Kikuba hawakumsoma Euler, lakini walijua waanzie fundo gani.

Tena kuna kisa kinachosimuliwa juu ya mfalme wa Wakuba katika miaka ya 1920. Wamisionari walimletea pikipiki wakidhani atashangaa. Pikipiki haikumgusa sana. Kilichomshangaza ni alama ambazo magurudumu yaliacha mchangani. Akaamuru zinakiliwe, na nakshi ile ikapewa jina lake. Tunakipenda kisa hiki kuliko hotuba nyingi juu ya utamaduni.

Sasa mtu wa Kivu atauliza: na sisi, mbona hatuna kitu kama hicho cha kuonyesha? Watu wetu wakitaka kujisifu kwa hesabu wanataja mfupa wa Ishango. Mfupa ule ulichimbuliwa mwaka wa 1950 na Mbeleji Jean de Heinzelin, pale mto Semuliki unapotoka ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Una mikato katika safu tatu. Safu mbili jumla yake ni 60 kila moja, ya tatu ni 48. Unakadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 20.000, na unakaa Brussels. Ni kitu cha heshima na hatuupunguzii sifa. Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mfupa ulitufikia kwa sababu ni mfupa. Mtu aliyekata ile mikato yamkini alikuwa na kitunga begani, na kilichokuwa ndani ya kichwa cha aliyesuka kitunga hicho pengine kilikuwa kigumu kuliko kuhesabu mpaka 60. Kitunga kilioza. Katika nchi ya mvua kama yetu, hesabu ya mafunjo na ukindu haifikishi miaka thelathini. Ilikaa hai kwa njia moja tu: mama alimwonyesha binti, binti naye akamwonyesha wake.

Na mnyororo huo ndio unaokatika mbele ya macho yetu. Beseni na vikapu vya plastiki vimejaa soko la Kadutu, na hatuwezi kumlaumu mama anayevinunua: ni vyepesi, haviliwi na mchwa, vinaoshwa kwa maji. Pia vita vya 1996, vya 1998, vya 2004 viliwatoa watu vijijini, na msukaji aliyekimbilia mjini hana kinamasi cha kukata mafunjo. Watoto wake wanauza saashe za maji. Tuliwauliza wanafunzi wetu 40, mikono juu, nani anaweza kuanza kitunga. Hakuna hata mmoja aliyeinua. Nani amewahi kumwona mtu akikianza? Wakainua wanne.

Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika tena mjini kwetu, shule zilifunga milango. Watoto walikaa ndani, wazazi hawakutaka wapite barabarani. Katika siku zile mmoja wetu alikunja karatasi na watoto wake na wa jirani, kaye za mwaka uliopita, maana hakukuwa na kitu kingine. Hatukuwa tunafikiri juu ya utamaduni wala juu ya kijitabu hiki. Tulitaka wasisikilize nje. Walijenga masanduku ya vipande sita, mengi sana, wakayapanga kama mji, wakagombana nani akae Muhumba na nani akae Panzi. Baadaye yakawa ya kuwashia makaa.

Shule zilipofunguliwa, tulichukua mpira wa vipande thelathini, tukaenda nao Kadutu kwa mama mmoja mzee anayeuza vitunga na lungo, ambaye bado anasuka mwenyewe akisubiri wateja. Tulimwamkia, tukanunua lungo moja ili tusionekane watu wa kumpotezea muda, kisha tukamwonyesha. Aliukamata kwa mikono miwili, hakuutazama juu, aliutazama pembeni, fasi karatasi moja inapoingia katika nyingine. Akavuta ulimi mmoja taratibu mpaka ukatoka. Akaurudisha. Akavuta mwingine.

"Mama, unaona namna gani?" tukamwuliza.

"Ni muzuri, bana yangu. Lakini mulikosa mwanzo. Hii mulianza na tatu, mukazunguka. Ile ya mwisho iliwasumbua kuingia."

Ilikuwa kweli kabisa. Kipande cha thelathini kinasumbua kila mara, kwa sababu pande zote zimekwisha kukaza. Yeye alisema angeanza na tano, ziwe kitako, apande nazo ubavu hadi ubavu, na mwisho afunge na tano zingine juu, zote zikiwa bado zimelegea kidogo, azikaze kwa mara moja. Tulirudi nyumbani tukajaribu namna hiyo. Kipande cha mwisho kiliingia bila kupasuka.

Jumamosi iliyofuata tulimwomba aje darasani. Alisema atakuja, ila tumletee mafunjo, maana karatasi, kwake, ni ya kufungia sambaza.